Nusu ya Doti Moja

Sina desturi ya kusimulia ndoto. Ninafundisha hisabati Darasa la Nne, na kwa miaka ishirini na mmoja nimewaambia watoto kwamba jibu lisiloonyeshwa njia halina alama. Lakini ndoto niliyoiota alasiri moja, nikiwa nimelaza kichwa juu ya madaftari katika ofisi ya walimu, njia yake ninaweza kuionyesha hatua kwa hatua, na jibu lake nililihakiki siku hiyohiyo kabla jua halijatua. Kwa hiyo naiandika.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Tulikuwa kwenye mada ya sehemu. Niliandika ubaoni nusu kujumlisha nusu, moja juu ya mstari na mbili chini yake, mara mbili, nikamwita Sikudhani Mhina aje aandike jibu. Sikudhani ana miaka kumi. Mama yake anauza khanga kwenye gulio la Jumanne na Jumamosi, na siku za gulio mtoto huyu akitoka shule hushinda mezani kwa mama yake akiwakunjia wateja. Alikuja mbele bila wasiwasi, akaandika 2, akarudisha chaki mahali pake, akanitazama kama mtu aliyetumwa chumvi akaileta.

"Mbili?" nilimwuliza. "Nusu na nusu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nusu doti hii," akanyoosha mkono wa kushoto, "na nusu doti hii," akanyoosha wa kulia. "Mbili."

Darasa likaangua kicheko. "Mwalimu, huyo anafanya biashara!" akapaza sauti mmoja wa nyuma. "Mwambie akufungie kwenye gazeti!" akadakia mwenzake. Nami nikasema neno ambalo wakati ule niliona ni sahihi kabisa: "Sikudhani, hapa si gulioni. Kaa chini." Akakaa. Hakulia. Aliitazama mikono yake miwili, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anatafuta ni upi uliomdanganya.

Mchana ule nilikuwa na orodha ya kuandika. Shuleni kwetu tulikuwa tumekubaliana kwamba anayeanguka mada tatu mfululizo za hisabati akariri darasa, na sehemu ilikuwa mada ya tatu ya Sikudhani. Walikuwa kumi na mmoja, yeye wa mwisho. Mwalimu Shemdoe, mkuu wetu wa shule, alichungulia mlangoni akiwa na kikombe cha chai mkononi. "Mwalimu Semkiwa, huyo mtoto wa Mhina umfikirie vizuri," alisema. "Mama yake ameshaniambia kwa kinywa chake: akikariri, hamrudishi. Anabaki naye mezani."

"Orodha haiandikwi kwa huruma, Mkuu," nilimjibu. "Inaandikwa kwa alama."

"Sawa. Basi saa kumi naipitia. Afisa Elimu Kata anaisubiri leo." Akaondoka. Jina lilikuwa limekwisha kuandikwa. Kilichobaki kilikuwa sahihi yangu. Bati la paa lilikuwa likilia kwa joto, maharage ya mchana yalikuwa mazito tumboni, na yale majina kumi na moja yakaanza kuogelea machoni pangu. Niliweka kichwa chini ili nipumzishe macho kwa dakika tano.

Mara nikajiona nimesimama mbele ya nchi nisiyoijua, nayo ilikuwa imezungushiwa mpaka mpana wa rangi nyeusi na nyekundu. Juu ya mpaka huo, kama bustani iliyopandwa kwa kamba na mtu mwenye subira kubwa, yalipangwa maua, na kati ya maua korosho zilizojipinda, kila moja ukubwa wa nyumba, zote zikiwa zimeelekea upande mmoja. Ndani ya mpaka uliwaka mji wa rangi ya manjano, na njia zake zilikuwa safi kana kwamba zimepigwa pasi. Chini kidogo ya mji palikuwa na maandishi makubwa yaliyochimbwa ardhini, hata mtu angeweza kutembea ndani ya herufi kama anavyotembea mtaroni: NISHIKE NZIMA KABLA HUJANIKATA. Langoni aliketi mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mabega mapana, na begani mwake aliegemeza fimbo ya kupimia. Nyumba yake ilikuwa chini ya ukuta mnyoofu kama mstari wa rula, na juu ya ukuta huo palisikika hatua za mtu akitembea na kuhesabu.

"Karibu, mgeni," alisema. "Mimi naitwa Asili. Anayetembea huko juu ni ndugu yangu, Kiasi. Yeye husema vimechukuliwa vipande vingapi; mimi husema vilikuwa vingapi nzima ilipokatwa sawasawa. Watu humwamkia yeye kwanza kwa kuwa yuko juu, na hilo halinisumbui. Ila sisi wawili kuna swali moja hatulijibu. Hilo mgeni huuliza mwenyewe."

"Bi Asili," nilimwambia, "wewe na nduguyo nawafahamu. Ninawafundisha kila mwaka." Alitabasamu, wala hakunibishia. Akanisogezea daftari la wageni, ambalo lilikuwa na safu moja tu: Nchi uliyoiingia ni kiasi gani? Sipendi kubahatisha, kwa hiyo kabla ya kuandika nilizunguka mpaka wote kwa miguu, pande zote nne. Mpaka ulikuwa kamili. Mji ulikuwa katikati. Maandishi yalikuwa mahali pake. Upande wa mashariki, nje ya mpaka, palikuwa na ukanda mweupe mtupu, usio na ua wala rangi, na baada yake ukungu. Nikaona hapo ndipo mambo yanapoishia. Nikarudi langoni, nikaandika 1, nikatia sahihi.

"Hujauliza kitu," alisema Bi Asili.

"Sikuona la kuuliza. Nimehakiki."

"Umehakiki vizuri sana," alisema, na hapakuwa na kejeli yoyote katika sauti yake. Akajitwisha fimbo, tukaingia.

Katikati ya mji palikuwa na sinia kubwa la halua, na mbele yake mwanamume mrefu aliyekonda hata mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari. Nilidhani ni mgonjwa. Bi Asili aliniambia jina lake ni Tamaa. Nilishangaa, kwa kuwa siku zote nimemfikiria Tamaa kuwa na tumbo. Mgawaji akamwuliza, "Leo nikukatie robo, au moja ya nane?" Tamaa akacheka kama mtu aliyeshtukia mtego wa kitoto. "Nane, bwana! Unanionaje? Nane na nne, ipi kubwa?" Akapewa kipande chembamba, akakimeza kwa mara moja, akanigeukia kwa fahari. "Dada, nimetoka mbali. Nilianza na nusu, siku hizo sijui kitu. Nikapanda hadi robo, nikapanda hadi ya nane. Kesho naomba ya kumi na sita. Nikifika ya mia moja, nyumbani hatulali njaa tena!"

Nilitaka kucheka, lakini Bi Asili alinigusa kiwiko. "Usimcheke," alisema. "Amehesabu vitu vizima maisha yake yote, na kwa vitu vizima nane imeishinda nne kila siku. Hakuna aliyemwonyesha kwamba hapa namba yangu ikikua, kisu kimepita mara nyingi zaidi juu ya sinia lilelile. Anachojua ni kweli. Amekihamishia tu mahali ambapo hakifanyi kazi." Basi nikamshika Tamaa mkono, nikamweka upande wa pili wa sinia, nikamwambia ahesabu si vipande bali watu waliosubiri nyuma ya kila mgawo. Alihesabu wanne. Akahesabu wanane. Kisha akasema taratibu, "Kumbe kila nikipanda, nawakaribisha watu." Nikaona anafungua tundu moja la mkanda. Nakiri nilijisikia vizuri. Kufundisha kukifaulu kuna utamu ambao sijaupata kwenye jambo lingine lolote.

Tukaenda mashariki, tukavuka mpaka wa korosho, tukafika kwenye ule ukanda mweupe. Kwa karibu ulikuwa mpana kama bonde la mto, na ukungu ulikuwa umejilaza juu yake. Kijana mmoja alikuwa akikimbia huku na huku na mbao kichwani, jasho likimtiririka. "Pisha, dada, pisha! Nitasimama nikimaliza!" Huyo alikuwa Haraka. Alikuwa akijenga daraja, na daraja lake lilikuwa limefika katikati ya bonde, likakatika hapo kama sentensi ya mtu aliyeitwa. "Kila siku linaishia hapohapo," alilalamika, akiendelea kukimbia pale pale aliposimama. "Nina ubao wa nusu ya bonde, na mwingine wa nusu ya bonde. Najumlisha juu na juu, chini na chini. Moja na moja mbili, mbili na mbili nne. Napata mbili juu ya nne, napigilia misumari, nakwama! Hizi mbao zina mchwa wa hesabu."

"Mbili juu ya nne ni nini?" nilimwuliza.

"Ni namba nzito, ina mbili na ina nne!"

"Ni nusu. Bonde likatwe vipande vinne sawa, uchukue viwili: utakuwa umefika wapi?"

Aligeuka kutazama mahali daraja lilipokatikia. "Pale," alisema.

"Umeanza na ubao wa nusu, ukaongeza mwingine wa nusu, ukabaki na nusu ileile. Ule mmoja umekwenda wapi?"

Haraka akasimama. Bi Asili aliniambia baadaye kwamba hakuna aliyewahi kuiona miguu yake ikiwa imetulia. "Chini hapajumlishwi," nilimwambia, "kwa kuwa pale chini panasema vipande ni vya ukubwa gani, hapasemi ni vingapi. Una nusu moja, na nusu moja. Hizo ni nusu mbili. Nusu mbili ni bonde zima." Akaulaza ubao wa kwanza, akaulaza wa pili kwenye ncha ya wa kwanza, na daraja likafika ng'ambo kwa mlio mmoja wa kutulia. "Jamani!" akasema. "Kumbe kila siku nilikuwa naficha ubao mzima ndani ya jibu!" Akanikumbatia kwa jasho lake lote, kisha akavuka mbio.

Mimi nilivuka polepole, nikiwa nimejaa fahari. Nilikuwa nimesahihisha watu wawili kabla ya alasiri, na nilianza kuiona nchi hii kuwa mahali panapomstahili mtu kama mimi. Ukungu ukafunguka, na miguu yangu ikasita. Mbele yangu palikuwa na mpaka wa nyeusi na nyekundu. Palikuwa na korosho ukubwa wa nyumba. Palikuwa na mji wa manjano wenye njia safi, na chini ya mji maandishi yaleyale, herufi kwa herufi. Nilidhani nimepotea, nimezunguka nikarudi nilikotoka. Lakini nilipogeuka, mji wa kwanza ulikuwa bado uko kule, ng'ambo ya daraja.

Langoni pa mji huo wa pili palikuwa na meza, na nyuma ya meza bwana nadhifu, shati limefungwa kifungo hadi shingoni, kalamu nyekundu mkononi. Sura yake niliijua, ila sikuweza kukumbuka niliiona wapi. Alisimama kunisalimia kwa adabu, akataja jina lake, Kasoro, kisha akafungua daftari la wageni kwenye ukurasa wenye sahihi yangu. "Swali lilikuwa: nchi uliyoiingia ni kiasi gani," alisoma. "Umejibu moja. Nchi hii ina miji miwili iliyo sawa. Ulikuwa umeingia nusu." Akapiga mstari mwekundu juu ya jibu langu, mnyoofu, bila hasira. Nyuma yake watu wa mjini wakaanza kucheka. "Ameona nusu akasema nzima!" alisema mmoja. "Na ameizunguka kwa miguu, masikini!" akasema mwingine, na kicheko kikaongezeka. Bwana Kasoro akatoa karatasi nyingine, akaandika jina langu mwisho wa orodha ndefu. "Unarudishwa nje ya mpaka, uanze tena," alisema. "Ni wajibu wangu kukujulisha kwamba wengi wanaorudishwa hawaji tena."

"Lakini niliuzunguka!" nilisema, na sauti yangu ilipanda juu kuliko nilivyotaka. "Mji ule una mpaka pande zote nne. Una katikati yake. Una maandishi yake, neno zima, halikukatwa hata herufi. Umekosa nini hata usiwe mmoja? Ningejuaje kwamba mlikuwa mnauliza kuhusu miji yote miwili? Hamkusema!"

"Hapa si mahali pa maelezo," alisema Bwana Kasoro kwa upole. "Kaa chini."

Nikakaa. Nikiwa nimekaa pale mavumbini, nikiwa na hoja kamili kifuani na hakuna aliyeiomba, nilihisi uchungu ambao nilikuwa nimeusahau tangu utotoni: uchungu wa kuwa na sababu nzuri ndani ya jibu baya.

Bi Asili alininyanyua. Hakubishana na Bwana Kasoro. Alimwomba ruhusa ya muda mfupi tu, naye akaitoa, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu. Akanipandisha ngazi ndefu iliyoegemezwa kwenye hewa, na kila kidato nilichopanda nchi ilipungua na kukusanyika chini yangu, hadi nilipofika juu nikaiona yote kwa mara moja. Ilikuwa doti ya khanga iliyotandazwa, haijakatwa. Khanga mbili, kila moja na pindo lake, kila moja na mji wake, kila moja na jina lake lililoandikwa chini, na kati yao ule ukanda mweupe ambapo mkasi hupita.

"Sasa sema," alisema Bi Asili. "Unaona ngapi?"

"Naona doti moja," nilisema. "Na naona khanga mbili. Na naona kwamba khanga moja ni nusu ya doti. Yote matatu ni kweli."

"Na kule langoni ulikosea wapi?"

"Niliulizwa ni kiasi gani, nikajibu kabla ya kuuliza: kiasi gani cha nini."

"Hilo ndilo swali tusilolijibu mimi na ndugu yangu," alisema. "Sisi hukuta nzima imekwisha kuwekwa mezani. Lakini nzima ni mapatano. Mwenye kuuliza na mwenye kujibu lazima wawe wameshika kitambaa kimoja. Chungu kinaweza kuvunjika kikawa gae, na gae kila mtu huliona kwamba ni gae. Khanga haiko hivyo. Ukiikata doti, nusu yake inasimama na pindo lake na jina lake, haina jeraha. Aliyekua kati ya khanga atakuwa mjinga akiitazama nusu hiyo na kuiita moja? Yeye anaona vizuri kuliko wewe. Anachohitaji ni mtu wa kumwuliza ameshika nini."

"Kwa hiyo sikukosea?" nilimwuliza, na nilisikia tumaini la kitoto katika sauti yangu.

"Umekosea," alisema mara moja. "Usijihurumie kupita ukweli. Swali lilikuwa la nchi, wewe umejibu mji. Lakini kosa lako lina njia, na mwenye njia hurudishwa hatua moja. Kumrudisha mwanzo wa safari ni kupoteza miguu yake." Akatazama chini, pale meza ilipoonekana ndogo kama kifungo cha shati. "Bwana Kasoro usimchukie. Hajawahi kusema uongo maisha yake yote. Ndiye anayetufundisha kusema saa moja kasorobo, na hiyo robo anayoitaja kweli haijafika. Ila zile robo tatu zilizokwisha kufika hazijawahi kumpitia akilini. Mtu wa namna hiyo ukimpa kalamu, ataandika kweli tupu, na ataandika nusu ya kweli."

Nikatazama tena lile shati lililofungwa hadi shingoni, jinsi mkono ulivyoshika kalamu kwa vidole vitatu, lile kunjo dogo kati ya nyusi. Ndipo nikakumbuka niliiona wapi ile sura. Huwa naiona kila asubuhi ninapofunga kilemba mbele ya kioo. Nikataka kushuka ngazi kwa haraka kabla hajatia sahihi, na mguu wangu ukakosa kidato.

"Mwalimu Semkiwa. Mwalimu! Saa kumi hii."

Mwalimu Shemdoe alikuwa amesimama juu yangu na chai yake kwenye kisahani, na shavu langu lilikuwa limebeba alama ya waya wa daftari. Nilikaa wima. Orodha ilikuwa mbele yangu, majina kumi na moja kwa mwandiko mzuri, na nafasi ya sahihi ilikuwa bado nyeupe. Nje, watoto wa Darasa la Nne, wenye zamu, walikuwa wanafagia. Niliiona maana ya ndoto yangu kwa utulivu, kama unavyoona kosa kwenye hesabu uliyokwisha kuipitia mara tatu: nilikuwa nimeandika swali lisilokamilika ubaoni, mtoto akalikamilisha kwa kitu alichokuwa nacho, na mimi nikampa sifuri kwa pengo langu.

Lakini hiyo ilikuwa dhana bado, na dhana huhakikiwa. "Nipe dakika tano, Mkuu," nilisema, nikaenda dirishani. "Sikudhani! Njoo hapa."

Alikuja na fagio lake, akasimama mlangoni, uso umefungwa kama duka la Ijumaa mchana.

"Asubuhi ulijumlisha nusu na nusu ukapata mbili," nilimwambia. "Mbili nini?"

Alimtazama Mwalimu Mkuu, akanitazama mimi. "Khanga, Mwalimu."

"Na hizo khanga mbili ni doti ngapi?"

"Moja." Alijibu papo hapo, na nikaona uso wake unabadilika, ananihurumia. "Kwani Mwalimu ulikuwa unauliza doti?"

Mwalimu Shemdoe alicheka hata chai ikamwagika kwenye kisahani. "Sikusema nilikuwa nauliza nini," nilimjibu mtoto. "Hilo ni kosa langu, na ndilo la kwanza. La pili ni lako. Umeanza kwa doti, umemaliza kwa khanga. Ukikata kitu, jibu lake lisemwe kwa kitu hichohicho, hadi utakapotangaza kwamba umebadilisha."

Akafikiri, fagio limeegemea bega. "Kama mteja ameomba doti, mimi nikampa khanga."

"Hasa."

"Huyo angerudi na kelele, Mwalimu!"

"Na angekuwa na haki. Sasa niambie: robo doti na robo doti?"

"Robo doti hakuna anayenunua. Atavaa nini?"

"Tuseme yupo, mtu wa ajabu."

"Nusu doti," alisema. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza: "Ambayo ni khanga moja nzima. Ila wewe umeuliza doti, kwa hiyo nusu."

Nilichukua kalamu nikalifuta jina lake, mstari mmoja, nikaandika pembeni: ameelewa, mada ya sehemu, amefaulu kwa mdomo, na tarehe. Nikamwambia aende. Alipiga hatua mbili akageuka, akauliza kama kesho anaweza kuja na doti ya mama yake awaonyeshe wenzake waliocheka, haijakatwa, atairudisha safi. Nilimwambia aje nayo.

"Basi," alisema Mwalimu Shemdoe, akinyoosha mkono. "Kumi. Tia sahihi niipeleke, Afisa ananisubiri."

Nilitazama yale majina kumi. Kila moja lilikuwa na sifuri zake tatu, na sifuri hizo zilikuwa sahihi. Nilizipitia moja moja na sikuona hata moja niliyoikosea. Lakini kati ya wale kumi hapakuwa na hata mmoja niliyemwuliza alikuwa ameshika nini.

"Leo haiendi, Mkuu," nilisema.

"Mwalimu Semkiwa. Miaka ishirini na mmoja hujachelewesha hata karatasi."

"Mwambie mwalimu wa hisabati hajamaliza kazi yake. Anaweza kuliandika hivyohivyo, ni kweli."

Alitikisa kichwa, akavuta kiti akaketi karibu na dirisha kama mtu aliyeamua kwamba Afisa atasubiri, na kwamba yeye mwenyewe hataki kupitwa. Nikaita jina la kwanza kwenye orodha, Athumani Hoza, mtoto mnene mwenye haya, ambaye mwezi mzima alikuwa ameng'ang'ania kwamba theluthi ni kubwa kuliko nusu. Nilimsahihisha mara sita. Aliingia akasimama wima, mikono nyuma, akisubiri mara ya saba.

"Kaa," nilimwambia. "Theluthi na nusu, ipi kubwa?"

"Theluthi, Mwalimu," alinong'ona.

"Theluthi ya nini?"

Alishangaa. Akatazama sakafu, kisha dari, kisha akasema, sauti ikipata nguvu kidogo kidogo: "Ya shamba la babu. Amewagawia wanawe watatu, baba ana theluthi. Ukisimama huku hulioni liishiapo."

"Na nusu?"

"Nusu ya bustani ya mama. Ana mchicha upande huu na bamia upande ule. Hiyo hata kuku anaivuka."

Mwalimu Shemdoe alifunika mdomo kwa mkono. Mimi sikucheka, nilikuwa napiga hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi. "Athumani," nilimwambia, "theluthi yako kweli ni kubwa." Nikavuta karatasi safi kati yetu, nikachora mstatili mmoja, tukaanza upya, safari hii mimi na yeye tukiwa kwenye shamba moja.